Nyumba ya Waziba Matundu

Makopo kumi na mawili yalikuwa yamepangwa juu ya kaunta ya duka la dawa, vifuniko wazi, na kila aliyeingia kununua dawa ya kikohozi aliyachungulia kwanza ndipo akakumbuka kusalimia. Mama Krimu alisimama upande wa wateja, mkoba begani, akitamani mkoba ule ungekuwa mkubwa wa kutosha aingie mwenyewe.

"Ona hili," alisema mfamasia. Ndiye aliyekuwa mwenye duka, mwanamke wa koti jeupe ambaye Mungu alimnyima urefu akamfidia kwa sauti. "Limegeuka rangi. Hili lina alama za vidole vitatu. Na hili hapa sijui limeota nini."

"Ukungu huo," alisema mzee mmoja aliyekuwa anasubiri chenji yake. Hakuna aliyemuuliza.

"Krimu yako ni nzuri," mfamasia akaendelea. "Mimi mwenyewe naipaka, na watu wanaiulizia. Lakini kopo likifunguliwa tu, hewa inaingia, vidole vinaingia, wiki mbili krimu imekuwa kahawia kama ndizi iliyomenywa ikasahauliwa. Halafu mtu anamrudishia nani? Ananirudishia mimi."

"Nitabadilisha makopo."

"Usinibadilishie kopo kwa kopo. Nataka chupa isiyoingiza hewa wala kidole. Zipo, nimeziona. Nafasi yako kwenye rafu naiacha wazi wiki mbili, mpaka Jumatatu ile nyingine, saa kumi jioni. Ikipita hapo, kuna bwana ana krimu yake, ananipigia simu kila siku kama vile ananidai."

"Nimekuelewa," alisema Mama Krimu, maana mtu akiaibishwa mbele ya foleni hana maneno mazuri zaidi ya hayo.

Nafasi yenyewe ilikuwa na urefu wa mkono mmoja tu, kati ya sabuni za watoto na dawa za meno. Lakini kabla ya kuipata, Mama Krimu alikuwa ametembeza krimu yake kwa kikapu miaka mitatu, ofisi kwa ofisi, akifukuzwa na walinzi na kuambiwa na makarani apite kesho. Rafu ile ilikuwa mahali pekee duniani ambapo krimu yake iliuzika bila yeye kuchekacheka na watu asiowajua. Akiikosa ni kikapu tena, na magoti yake yalikuwa yameshatoa uamuzi kuhusu kikapu.

Nyumbani walikuwa watu watatu. Mumewe alikuwa fundi baiskeli, na alifanyia kazi chini ya dirisha la sebule, hivi kwamba chakula kikiiva aligongewa kioo tu. Wa tatu alikuwa mama yake Fundi. Huyu mtaa mzima ulimwita Mkaguzi, kwa kuwa alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha mafuta ya kula, benchi la mwisho, akiinua kila chupa kwenye mwanga kuitafuta inayovuja. Kiwandani alistaafu, ukaguzi hakustaafu. Alikagua vikombe, mifuko ya sukari, hata ndoo za majirani waliokuja kuazima chumvi. Mtoto aliishi kwa kuziba pancha, mama alikuwa ameishi kwa kunasa mivujo, na katika nyumba hiyo tundu lilikuwa adui wa ukoo.

Mama Krimu alipowaeleza habari za chupa, Fundi aliuliza swali moja.

"Hizo chupa na yale makochi tuliyoyawekea akiba, tunaviweza vyote?"

"Kimoja."

Wote wawili wakamtazama Mkaguzi, maana makochi yalikuwa kwa ajili ya mgongo wake.

"Mimi nimekalia benchi la mbao miaka ishirini na sita," alisema. "Kochi litanilegeza bure. Kanunueni chupa. Ila msije mkauziwa mbuzi kwenye gunia. Na mimi naenda."

Duka la vifungashio lilikuwa refu na jembamba, rafu zimepanda mpaka darini, chupa za kila umbo zimesimama kama watu wanaosubiri kuitwa majina. Muuza Chupa, bwana wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, aliwakaribisha vizuri, kisha akamgeukia Fundi na hakugeuka tena.

"Bosi, unatengeneza nini?"

"Baiskeli," alisema Fundi.

"Krimu ni yangu mimi," alisema Mama Krimu.

"Sawa kabisa, mama," alisema Muuza Chupa, na papo hapo akamwambia Fundi, "Sasa bosi, kwa krimu kuna aina tatu."

Ya kwanza ilikuwa kopo lenye kijiko chake kidogo. Mama Krimu alilirudisha kabla maelezo hayajaisha. Kijiko kitapotea siku ya kwanza, alisema, na siku ya pili vidole vitarudi kazini. Ya pili ilikuwa chupa ya pampu yenye mrija. Aliomba maji, akaijaza, akabonyeza mpaka ikaanza kukoroma. Kila ilipotoa tone ilimeza hewa, na mwishowe robo nzima ilibaki chini pasipofikiwa na mrija. Aliwajua wateja wake. Wangeikata kwa kisu.

Ya tatu ndiyo waliyoijia. Haikuwa na mrija. Chini yake kulikuwa na pistoni, kitako cha plastiki kinachopanda polepole kila ukibonyeza, kikiisukuma krimu juu, na hewa haipati pa kuigusa.

"Kwa nje kubwa, kwa ndani ndogo," alisema Mkaguzi akiipima kwa macho. "Watu watasema tunawapunja."

"Ndiyo maana nataka hii yenye dirisha ubavuni, mama," alisema Mama Krimu. "Mtu ataona pistoni inavyopanda, atajua alichotumia na kilichobaki. Kwingine iwe nyeupe pasipopenya mwanga, maana mwanga nao unaiharibu. Na iwe ndogo, ya wiki sita. Kubwa inakaa sana, krimu inachoka."

Muuza Chupa akasogeza nyingine, nzuri ya kung'aa, bei chini kidogo. "Hii na hiyo ni kitu kimoja, bosi."

Mkaguzi aliichukua, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akafumba jicho moja. "Hii ina mrija," alisema. "Imevaa koti tu."

Muuza Chupa akakohoa, akaitoa mezani. Baada ya hapo aliuza kwa adabu. Alimweleza Fundi kwa kirefu namna chupa ile inavyopumua na kipi kisiguswe, akimwonyesha hiki na kile kwa ncha ya kalamu, na Fundi alikuwa akiitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa mlangoni, kwenye baiskeli ya mtu iliyoegemezwa ukutani, ambayo gurudumu lake la mbele lilikuwa na spoku mbili zilizolegea. Mama Krimu alikuwa upande wa pili wa duka, anahesabiwa maboksi.

"Tumeelewana, bosi?"

"Kabisa," alisema Fundi.

Chupa moja ya mfano Mama Krimu aliijaza krimu na kuishi nayo siku nne kama mtu aliyechumbiwa. Aliibonyeza imesimama, imelala, imepinduliwa, imetoka kwenye mkoba. Ilitoa krimu nyeupe mpaka tone la mwisho. Alifurahi kiasi kwamba siku zile hakumgombeza mtu yeyote, na Fundi akaanza kuogopa.

Jumamosi alijaza chupa mia moja na ishirini, akaenda kwa mpiga chapa kuchukua lebo. Mkaguzi alibaki na kazi yake ya asili. Alivuta kiti hadi dirishani, akainua chupa ya kwanza kwenye mwanga, akaizungusha, akaigeuza kitako juu. Palikuwa na tundu.

Lilikuwa dogo, sawa na alama ya sindano, lakini Mkaguzi alikuwa amelisha watoto kwa kuona matundu madogo. Akachukua ya pili. Tundu. Ya tatu, ya nne, ya kumi. Boksi zima lilikuwa na matundu, kila moja mahali pale pale, na mzee wa watu akahisi damu inampanda. Tapeli yule wa kalamu mbili amewauzia mabaki ya kiwanda.

Alifikiri ampigie simu mkwe wake. Kisha akafikiri: binti wa watu ana presha ya rafu, ana presha ya lebo, nimwongezee na hii? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Akagonga kioo.

"Nipe gundi yako ya viraka."

"Kopo zima?" aliuliza Fundi kutoka chini ya baiskeli.

"Zima."

Fundi akaipitisha dirishani. Hakuuliza ni ya nini, kwa sababu mama yake akiziba kitu siku zote huwa ni ndoo. Mkaguzi akachonga njiti ya kiberiti, akaichovya, akaweka tone moja kwa kila kitako, akafuta pembeni kwa kitambaa. Mpaka Mama Krimu anarudi na lebo, chupa zote zilikuwa zimesimama kwa mistari, safi, na mzee alikuwa anajinyoosha mgongo na kutabasamu peke yake. Alitaka iwe siri. Alijiona amemwokoa mtoto.

Jumatatu saa nne asubuhi mfamasia alifungua boksi, akatoa chupa moja, akaitazama kila upande.

"Hii sasa ni bidhaa," alisema, na foleni yote ikasikia, na kwa mara ya kwanza Mama Krimu aliishukuru sauti ile.

Mfamasia akabonyeza. Krimu ikatoka, nyeupe. Akabonyeza tena, ikatoka. Mara ya tatu ikatoka kidogo. Mara ya nne kitufe kilishuka na hakikupanda.

"Labda hiyo moja tu," alisema Mama Krimu.

Mfamasia akachukua ya pili. Mibonyezo mitatu, kisha mgomo. Ya tatu vile vile. Dada mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema chupa hizi ni bahili kama baba wa huyu mtoto, watu wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya, lakini Mama Krimu alihisi kila jino.

"Maboksi yaache hapa," alisema mfamasia. "Saa kumi bado haijafika, na mimi nilisema saa kumi. Saa kumi na dakika moja, yule bwana anapanga yake."

Mama Krimu alikwenda kwa Muuza Chupa kwa miguu, kwa hasira, na alipofika alianzia mlangoni. "Umeniuzia chupa mbovu," alisema, kwa sauti kama ameazima ya mfamasia. "Umetuona hatujui, ukatubambikia mabaki. Nina saa tano tu za kuokoa kazi yangu na wewe umekaa hapo na kalamu zako."

Wateja wawili waliacha walichoshika. Muuza Chupa hakubishana. Alipokea chupa, akavaa miwani, akaigeuza kitako juu, akakwangua kwa ukucha.

"Nani kaziba hapa?"

"Hapo wapi?"

"Hapa pana kitundu. Pistoni ikipanda, hewa lazima iingie chini yake, la sivyo inavutwa kurudi. Hiyo hewa haigusi krimu, inabaki huko chini. Ukiziba hapa, chupa imekufa. Nilimweleza mumeo kwa kirefu."

"Mume wangu anatengeneza baiskeli," alisema Mama Krimu.

Muuza Chupa akavua miwani. "Ni kweli," alisema. "Ningekueleza wewe."

Mama Krimu aliitazama gundi kwenye ukucha wa yule bwana. Ilikuwa ya manjano, na harufu yake aliijua kama anavyoijua harufu ya shati la mumewe. Kelele zote alizopiga zikamrudia usoni.

"Nisamehe kwa maneno yangu."

"Nimeshasahau. Tumia sindano, izungushe taratibu, gundi itatoka. Usiingize ndani sana, utatoboa pistoni."

Njiani alipanga maneno makali saba. Aliyapanga kwa utaratibu, dogo likianza, kubwa likifunga, na alipoingia sebuleni alikuwa nayo yote mdomoni. Mkaguzi alikuwa amekaa juu ya boksi la chupa tupu zilizobaki, mikono magotini, anamsubiri.

"Wamezipokea?"

"Mama, Jumamosi ulikuta nini kwenye zile chupa?"

"Aa, sikutaka kukusumbua." Mzee alicheka kidogo, kama mtu anayefumaniwa akitoa sadaka. "Zilikuwa na matundu, mwanangu. Zote. Yule bwana hana haya. Nimeziba moja moja, mgongo ulitaka kukatika, lakini hakuna iliyonipita."

Yale maneno saba yakayeyuka. Mama Krimu alichuchumaa mbele yake akamweleza polepole, habari za pistoni na hewa ya chini, na kitufe kisichopanda. Mkaguzi alichukua chupa mpya kutoka kwenye boksi, akaiinua kwenye mwanga, akakaa nayo hivyo muda mrefu.

"Kwa hiyo hili tundu ni la kazi."

"La kazi, mama."

"Na mimi nimelifunga." Akaishusha chupa. "Kule kwetu tundu lilikuwa tundu. Halikuwa na kazi." Akaitazama mikono yake, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda uzee umemfika na hakuna aliyetaka kumwambia.

"Si uzee. Hukuambiwa. Hata mimi sikuambiwa."

Kichwa cha Fundi kilionekana dirishani. "Mimi niliambiwa," alisema. "Ila kulikuwa na baiskeli pale nje."

Kisha kichwa kikatoweka. Dakika tano baadaye alipitisha dirishani spoku tatu alizozinoa mpaka zikawa nyembamba kama sindano. Mkaguzi alizijaribu ncha kwa kidole gumba, akafunga kitambaa chake kichwani, akavaa viatu vyake vya kutokea. Ilikuwa saa saba na nusu.

Dukani foleni ilikuwa imebadilika watu, urefu ule ule. Mama Krimu alimwonyesha mfamasia kitako cha chupa na kumweleza, naye akasikiliza akiwa amekunja mikono.

"Sasa aliyeziba ni nani?"

Mkaguzi, nyuma ya mkwe wake, akafungua mdomo.

"Ni mimi," alisema Mama Krimu. "Niliona matundu, nikaogopa, nikaziba."

"Wewe mwenyewe? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Basi mfamasia akampa vidonge vyake, na hakumpunguzia dozi. Mtu anatengeneza kitu cha kupakwa usoni na hajui chupa yake inafanyaje kazi? Anaona asichokielewa, badala ya kuuliza anapaka gundi? Kesho ataziba nini, pua za wateja? Watu wa foleni waligeuza shingo wamwone mwenye akili hizo. Mama Krimu alisimama kama mtoto aliyechelewa shule, akasema ndiyo, akasema kweli, akasema haitatokea tena. Nyuma yake Mkaguzi alikuwa ameufunga mdomo na kuushikilia mkoba kwa mikono miwili.

"Nendeni stoo," alisema mfamasia alipoishiwa pumzi. "Kuna meza."

Walikaa kati ya maboksi ya bandeji, wakachomeka, wakazungusha, wakavuta. Mkaguzi alimaliza chupa tatu kila mkwe wake alipomaliza moja. Vidole vile vilikuwa vimeshika chupa kabla Mama Krimu hajazaliwa. Kila iliyofunguka waliibonyeza mara tano juu ya kitambaa, wakaifuta, wakaipanga. Sita zilikataa, gundi ilikuwa imezama, na wakaziweka kando.

Saa kumi kasoro dakika ishirini bwana mmoja wa suti ya kijivu aliingia na begi la magurudumu, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa, akaweka simu pajani. Mfamasia alichukua chupa kumi kutoka mezani bila kuchagua, akabonyeza kila moja mara kumi mbele ya foleni, na mkono wake ukajaa krimu mpaka kiwikoni. Zote kumi zilitoa. Akajipaka iliyomwagika, hakutaka ipotee, akaanza kuzipanga kati ya sabuni za watoto na dawa za meno, madirisha yao yakitazama nje.

"Samahani kaka," alimwambia yule bwana. "Rafu imejaa."

Walirudi kwa miguu, jua limepoa. Mama Krimu alikuwa mwepesi kiasi cha kutaka kuimba. Kikapu kitabaki juu ya kabati na magoti yake yatapumzika. Alizungumza peke yake karibu mtaa mzima, habari za oda ijayo, habari za lebo, mpaka alipogundua kwamba mama mkwe wake amebaki nyuma hatua kadhaa.

"Umechoka, mama?"

"Umesema uongo mbele yangu."

Mama Krimu akasimama. "Ndiyo, mama."

"Kosa lilikuwa langu. Nilitaka kusema. Ukaniwahi."

"Niliona watu ni wengi."

Mkaguzi akaikagua barabara kama vile jibu limeangukia pale. Wapita njia waliwakwepa kulia na kushoto, na yeye hakuwa na haraka.

"Miaka ishirini na sita kule kiwandani," alisema hatimaye, "chupa ikivuja sokoni, waliniita mimi. Iwe mashine, iwe dereva, iwe bosi mwenyewe. Niliyabeba ya watu mpaka nikazoea." Akafuta jicho moja kwa ncha ya kitambaa, haraka, kama anafuta chupa. "La kwangu kubebwa na mtu mwingine, ni leo tu."

Mama Krimu akaunyoosha mkono, na mzee, ambaye hakuwahi kushikwa mkono barabarani na mtu yeyote, akaushika, wakaendelea kutembea.